Pikipiki ya Bwana Mifugo

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya Kasulu akichanja ng'ombe, mbuzi na mbwa, na usafiri wake ulikuwa pikipiki nyekundu ya Kijapani, ya aina ile ya zamani ambayo oili yake inachanganywa moja kwa moja kwenye petroli. Ilitoa moshi wa bluu, na sauti yake ilikuwa kavu na ya harakaharaka, kama mahindi yanayorukaruka kwenye kikaango. Kwetu Nyakitonto watu waliijua kabla haijatokeza kwenye kona. Wenye mbwa wakali walikuwa wanaanza kuwafunga mapema.

Alipostaafu, serikali ilikuwa inauza vyombo vyake vilivyochoka, naye akainunua ileile aliyoizoea. Tulidhani ataiendesha mpaka afe. Hakuiendesha hata msimu mmoja ukaisha. Aliiingiza kwenye banda la mbuzi, akaifunika gunia, na tangu hapo akawa mtu wa kutembea kwa miguu kama wengine. Hakusema kwa nini, na kwetu baba haulizwi mambo kama hayo.

Alifariki kwa ugonjwa mfupi. Baada ya matanga nilirudi Kasulu mjini, ambako nina kibanda changu cha kushona sare za shule. Jumapili moja nilipokwenda kumsalimia mama nilikuta mnunuzi wa vyuma chakavu amesimama uani na mizani yake ya kuning'iniza. Pikipiki ilikuwa imeburutwa nje ya banda. Tairi zilikuwa zimepasuka, kiti kimetobolewa, na kuku alikuwa ametagia mahali ilipokuwa betri.

"Mama, unauza nini?" nilimuuliza.

"Nauza kile chuma."

"Ni pikipiki ya baba."

"Baba yako amekufa, na mbuzi wanahitaji nafasi," alisema. "Nataka simtanki. Nikikinga maji ya mvua, sitashuka tena chemchemi. Magoti yangu hayapandi kile kilima na ndoo."

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu ni mtu wa maneno machache na huyasema akiwa anafanya jambo jingine. Wakati ule alikuwa anachambua maharage. Nilitazama ile mizani, nikatazama tanki jekundu lililobaki na rangi kidogo upande mmoja, nikajikuta nimesema nisilolipanga.

"Nipe mimi. Nitaitengeneza iuzwe ikiwa pikipiki. Simtanki utalipata."

Mama aliinua macho. "Wewe utatengeneza pikipiki?"

"Kuna mafundi."

Yule mnunuzi wa vyuma hakukasirika. Alikunja mizani yake akaniambia, "Dada, ukishindwa nipigie." Alinisaidia hata kuipakia kwenye gari la mkaa lililokuwa linakwenda mjini.

Fundi niliyempelekea ana gereji ndogo nyuma ya kituo cha mabasi cha Kasulu. Ndiye anayenitengenezea pikipiki yangu, hii ndogo ya siku hizi ninayopelekea sare mashuleni. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini, na sasa ni raia wa Tanzania kama mimi. Ufundi alijifunza kambini kwa Mkongo mmoja, na ndiyo maana mpaka leo bisibisi kwake ni turunevisi na plagi ni buji. Wateja wake wote tumeshazoea.

Aliizunguka pikipiki ya baba kimya kimya. Akapiga kiki kwa mkono, haikusogea. Akafungua kisanduku cha chujio la hewa, akatoa kiota cha panya kilichotengenezwa kwa manyoya ya kuku na vipande vya kitenge. Nilikitambua kile kitenge, kilikuwa cha mama.

"Dada," alisema, "huyu si mgonjwa. Huyu ni marehemu."

"Basi nimwite yule wa mizani?"

Alifikiri kidogo huku akipangusa mikono. "Hapana. Niachie. Nitaifanya polepole, siku ambazo hakuna kazi. Lakini usiniulize itaisha lini."

Sikumuuliza. Nilikuwa napita jioni nikifunga kibanda, nakuta kitu kimoja kimefunguliwa zaidi ya jana. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Alimimina dizeli juu yake, akachanganya na mafuta ya breki, akaacha vilowane. Kila asubuhi aligonga kidogo kwa kipande cha mbao, siyo kwa nyundo, maana nyundo, alisema, ingemaliza kile kilichobaki. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu kupita. Kisha siku moja, nikiwa na suruali ya mwanafunzi chini ya sindano, simu ikalia. Alisema neno moja tu: "Imesogea." Niliacha cherehani, nikavuka barabara mbio kama mtu aliyeitiwa mgonjwa wake.

Silinda ilipelekwa Kigoma mjini ikakerezwe. Rimu zilipigwa msasa mpaka chuma kikaonekana. Kikwazo kikawa kabureta. Mtu fulani, miaka hiyo ya bandani, alikuwa ameing'oa akaenda nayo, na madukani hakuna aliyeijua kabureta ya aina ile. Fundi akaulizia kwa wenzake kwa simu, na habari ikaja kwamba huko Nyabibuye, karibu na mpaka, kuna pikipiki kama ile imelala nyuma ya nyumba ya mjane mmoja.

Tulikwenda wote wawili kwa pikipiki yangu, mvua ikitupiga njiani. Tulimkuta yule mama mjane akianika sahani. Kichanja chake cha vyombo upande mmoja kilishikiliwa na mti, na upande wa pili kilikuwa kimelalia pikipiki. Fundi alipiga magoti kwenye matope akachungulia.

"Ipo," alisema. "Kabureta ipo, na injini iko nzima."

Tulisalimiana na mwenyeji kwa Kiha, "Mwakeye," tukajitambulisha, tukaeleza shida yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kweli mimi ni fundi wa nguo. Nilipoitikia, alimwita mjukuu wake wa kike atoke ndani nimwone. Binti alikuwa anajiandaa kwa kipaimara na gauni hana.

"Mshonee jeupe," alisema bibi yake, "lenye mikono mirefu na utepe hapa kiunoni. Halafu chukueni hiyo injini yote. Ila mnijengee kichanja kabla hamjaondoka."

Fundi akakata miti, tukamjengea kichanja. Mimi nikampima binti palepale mlangoni kwa utepe wangu ambao hautoki mkobani. Gauni lile nililishona kwa uangalifu kuliko ninavyoshona sare. Nilisikia baadaye kwamba lilipendeza.

Kiti nilikishona mwenyewe. Ngozi ya bandia nzito ilivunja sindano zangu, nikabadilisha nyingine, nikaendelea. Fundi alipaka tanki rangi nyekundu. Alitaka kubandika stika za moto na tai, kama bodaboda wapendavyo, nikamwomba asibandike.

Siku ilipowashwa ilikuwa mchana, gereji imejaa watu waliokuja kwa shida zao. Alichanganya petroli na oili kwenye chupa, akatikisa, akamimina. Alipiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena na tena. Kisha ikashika. Moshi wa bluu ukajaa gereji, watu wakarudi nyuma wakicheka, na ile sauti kavu ya mahindi ikatoka hadi barabarani.

Msibani sikulia sana. Nilikuwa mtoto mkubwa, nilikuwa jikoni, nilikuwa nahesabu sahani za wageni. Siku ile niliketi juu ya tairi kuukuu nikalia mbele za watu. Fundi aliniona. Alinigeuzia mgongo, akainama akajifanya anakaza skrubu ambayo nilijua kabisa ilikuwa imekaza, na aliendelea kuikaza mpaka nilipofuta uso.

Picha za pikipiki fundi aliziweka kwenye kundi la mafundi kwenye simu, na haikuchukua muda mtu akapiga kutoka Kibondo. Alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa lafudhi yake nilijua asili yake ni pwani. Alizungumza kwa adabu, akauliza habari za pikipiki kama mtu anayeuliza habari za ndugu: inaamka asubuhi, haichemki, kiki si nzito. Tukakubaliana bei. Kisha akaweka sharti moja.

"Usiniletee ndani ya gari, mwanangu. Nataka ije yenyewe kwa magurudumu yake. Ikifika Kibondo kwa miguu yake, nimenunua."

Nyakitonto iko upande huohuo wa kwenda Kibondo, kwa hiyo niliamua nilale kwa mama siku moja kabla, aione. Nilifika alasiri. Alitoka nje, akasimama mbali kidogo. Baadaye akasogea, akapitisha kiganja juu ya tanki.

"Naona imekuwa ndogo," alisema.

"Kesho twende wote Kibondo, mama. Nitakubeba."

"Mimi mtu mzima nipande pikipiki niende wapi." Akarudi jikoni.

Sikubishana naye. Asubuhi niliamka, nikaenda kwa jirani kuaga na kumwomba amwangalizie mama mbuzi ikiwa mama atakubali kwenda. Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya pikipiki, amejifunga kitenge chake cha kanisani, kitambaa kichwani, mkoba mkononi. Chini ya kitenge zilionekana pindo za suruali. Ilikuwa suruali ya baba, ya kaki, ile aliyokuwa anavaa kazini. Alikuwa ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

"Twende basi kabla jua halijawa kali," alisema, kama vile mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mwanzoni alikuwa amenishika kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Tulipoingia kwenye lami mikono yake ikalegea. Kisha akaanza kuongea, kwa Kiha, mdomo wake karibu na sikio langu. Aliuliza shamba lile la nani, mbona mihogo yao imekuwa mizuri kuliko yetu, na ile nyumba ya bati la kijani imejengwa lini. Miaka yote alikuwa amepita njia ile akiwa ndani ya gari, katikati ya watu na mizigo, na hakuwahi kuona pembeni. Akinamama waliokuwa wanakwenda shamba na majembe begani walimpungia, naye akawapungia. Kwenye sehemu iliyonyooka nikamsikia anasema, taratibu, "Ongeza kidogo." Nikaongeza.

Tulishuka kwenye daraja, tukaanza kupanda kilima cha ng'ambo. Hapo sauti ikabadilika. Ilikuwa kama inakauka zaidi, inakwaruza, nguvu zikapungua, halafu ghafla gurudumu la nyuma likajifunga. Nilibana klachi kama fundi alivyonifundisha, pikipiki ikayumba, ikateleza kidogo, ikasimama ukingoni mwa barabara. Sote wawili tulikuwa tumesimama kwa miguu yetu. Kukawa kimya, na harufu ya chuma cha moto.

Nilimpigia fundi, nikaweka sauti ya simu juu.

"Kiki inashuka?" aliuliza.

"Haishuki kabisa."

"Kwenye tanki kuna nini?"

"Uliyoweka wewe jana. Sijaongeza kitu."

"Mimi niliongeza," mama alisema.

Nilimgeukia. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ulipokwenda kwa jirani. Nilinunua petroli pale kwa wauzaji wa chupa, nikajaza. Nilitaka tusiishiwe njiani."

"Na oili, mama?"

"Oili ya nini?"

Fundi alikuwa amesikia yote. Petroli tupu bila oili, injini kama ile inajisaga yenyewe. Ile kidogo iliyochanganywa iliyokuwa imebaki ndiyo iliyotufikisha pale. Nilingoja aseme maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo mdomoni.

"Mawe," alimwita kwa Kirundi, kama anavyomwita mama yake mzazi, "mmeumia?"

"Hatujaumia, mwanangu."

"Basi usiogope. Injini inafunguliwa, inafungwa. Watu ndio hawafunguliwi. Kaeni kivulini, mimi natafuta gari."

Nilimpigia na yule mzee wa Kibondo. Nilimwambia ukweli kwamba pikipiki imekufa njiani na haitafika kwa magurudumu yake. Aliuliza tuko wapi. Akasema, "Msiondoke hapo," akakata simu. Sikujua kama anakuja kununua au kugombana.

Tuliketi kwenye majani chini ya miti ya mikaratusi. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumpoza mama silipati, maana kusema kweli nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza.

"Unajua sijawahi kupanda hii pikipiki? Leo ndiyo mara ya kwanza."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Miaka yote ile?"

"Ilikuwa mali ya serikali. Baba yako alikuwa anaogopa maneno, kwamba bwana mifugo anabeba familia kwa mafuta ya umma. Alibeba wagonjwa, alibeba mabwana shamba, alibeba na mbuzi wa watu. Mimi nilikuwa natembea. Wewe mwenyewe nilikwenda kukuzaa kwa miguu, yeye akiwa kwenye chanjo huko mbali. Sikumlaumu kwa mdomo. Lakini moyo una hesabu zake."

Alinyoosha ile suruali ya kaki magotini.

"Alipostaafu akainunua. Siku aliyokuja nayo alikuwa ameiosha, ameisugua, inang'aa. Akaisimamisha pale uani, akaniambia, 'Sasa ni yetu. Panda nikupeleke Kasulu.' Nami nilikuwa natwanga. Nikamwambia miguu yangu imeshazoea njia. Basi. Hakuniambia tena. Haikupita muda akaiingiza bandani."

"Ulikuwa unataka kwenda?"

"Nilikuwa nataka aniombe mara ya pili," mama alisema. "Na yeye alikuwa mtu wa aibu. Mimi nilijua ni mtu wa aibu. Nilikuwa najua kabisa."

Hakulia. Alichomoa jani, akalikunja, akalikunjua. Hasira yangu ikaisha palepale, sikuona hata ilipokwenda. Nilimshika mkono tukakaa hivyo. Akinamama wawili waliokuwa wanatoka shamba walitupitia, wakatuachia mahindi ya kuchoma bila kuuliza mengi, na tukala.

Mzee alikuja na pikapu yenye dereva. Alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe na kofia ya kufuma, na alichechemea mguu mmoja. Kabla hajafika vizuri mama alisimama.

"Mzee, ni mimi niliyeiua. Binti yangu hana kosa, wala fundi. Niliweka petroli tupu."

Mzee alimtazama, akaitazama pikipiki, akainama kwa shida akanusa kwenye injini. Kisha akakaa juu ya jiwe.

"Nilipokuja huku kutoka pwani nilikuwa kijana," alisema. "Nilikuwa nauza vitenge minadani, Mabamba na vijiji vyote vya mpakani, na pikipiki yangu ilikuwa kama hii. Siku moja niliona oili ni gharama, nikasema leo nitaipitisha na petroli peke yake. Nililala porini na marobota yangu yote ya nguo. Wewe, mama, umefanya kwa kutokujua. Mimi nilikuwa najua."

"Bado unaitaka?" niliuliza.

"Sharti langu lilikuwa ifike kwa miguu yake, nayo imeshindwa. Haya, tuipeleke nyumbani, fundi wako aje aitengeneze hukohuko. Ikitembea, bei ni ileile. Isipotembea, nitawarudisheni kwenu na pikipiki yenu, wala hatutadaiana."

Tulikaa nyumbani kwake Kibondo mpaka kazi ikaisha. Mke wake, bibi mnene mcheshi aliyenyoosha mkono kumpokea mama mkoba kabla hata ya salamu, alitupa chumba cha uani. Siku ya kwanza mama alikuwa mgumu, anakalia ncha ya kiti. Siku iliyofuata nilimkuta jikoni anachambua mchele na mwenyeji wake, wanazungumza kwa sauti ya chini, na nilipoingia wakanyamaza kama wasichana.

Fundi alifika na basi, amebeba vifaa vyake kwenye mfuko wa saruji. Alifungua injini kwenye kivuli cha ukuta. Pistoni ilikuwa imekwaruzika na ringi zake zimeng'ang'ania, lakini silinda haikuumia sana. Aliisugua kwa msasa laini, kwa mzunguko, akipima kwa kidole, akasugua tena. Kisha akatoa mfukoni pistoni na ringi za ile injini ya Nyabibuye, akaijaribu pistoni ndani ya silinda. Ilicheza kidogo, akasema inavumilika kwa mtu asiye na haraka.

Mama alikuwa ameketi karibu naye muda wote. Walikuwa wanaongea, yeye kwa Kiha na fundi kwa Kirundi, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ilipofika saa ya kuchanganya mafuta, mama alimwomba kopo.

"Nionyeshe," alisema.

Fundi akamwonyesha alama ya oili na alama ya petroli. Mama akapima mwenyewe, akainua kopo usawa wa macho, akamimina, akatikisa chupa mpaka akaridhika. Kisha akamwita mzee aje, akamwonyesha na yeye, kwa ukali kidogo.

"Usisahau tena."

"Sitasahau, mama," mzee aliitikia.

Ikawaka. Mzee akapanda, lakini goti lake halikumruhusu kupiga kiki, kwa hiyo kila ilipozimika nilimpigia mimi. Alikuwa anaivutia mafuta taratibu, amefumba macho, anaisikiliza. Alikuwa tayari kuondoka akaijaribu barabarani wakati mke wake alipotoka ndani, amevaa baibui, viatu vya safari miguuni.

"Nisogezee nafasi," alimwambia.

Mzee alifumbua macho. "Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda wewe."

"Na umri huu?"

"Ni huohuo wako. Ukinishusha leo, usiniombe kesho."

Mzee alisogea mbele. Bibi alikwea kwa kumshika begani fundi, akajiweka sawa, akapitisha mikono kiunoni mwa mumewe. Wakatoka getini polepole sana, wakiacha moshi nyuma yao. Watu wa dukani walitoka kutazama. Tuliisikia sauti ikienda mpaka mwisho wa mtaa, ikigeuka, ikirudi.

Nilimtazama mama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Niliogopa kwamba analia, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Kadi ya pikipiki ilibadilishwa jina, na mzee akatupakilia simtanki jeusi kutoka dukani kwake kwenye ileile pikapu iliyotuokota barabarani. Dereva alitukalisha sote mbele, mama dirishani, mimi na fundi tumebanana katikati. Ile suruali ya kaki mama alikuwa ameifua na kuikunja ndani ya mkoba. Tulipita kile kilima tulichokwamia, na hakuna aliyekitaja.

Tulipokaribia Nyakitonto mama aliinama mbele kidogo ili amwone fundi vizuri.

"Mke wako unambeba kwenye pikipiki?"

"Mara mojamoja, mawe," fundi alisema. "Siku nyingine namwambia twende, anakataa. Anasema ana kazi."

Mama alitazama nje. Kulikuwa na akinamama wanaopanda maharage kwenye mteremko, wameinama mstari mmoja.

"Akikataa," alisema, "mwulize tena kesho yake."

"Nimesikia," fundi akajibu, na dereva akapunguza mwendo kukata kona ya kwetu.